Lamu hadi Unguja si saa moja

Mwezi uliopita shangazi yangu alitoka Amu, yaani Lamu, kwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Mimi niko Nairobi, nikamtazamia safari kwenye simu. Jibu likaja papo hapo: kutoka uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya Amu, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kama kilomita 480, saa 1 na dakika kidogo angani. Nikampigia nikamwambia, "Shangazi, ni karibu, chakula cha mchana utakula kwa mwanao." Siku hiyo chakula cha usiku alikula kwangu, mtaa wa South C, Nairobi.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Ukipiga mstari kutoka Manda kuelekea kusini, unapita baharini, unapita juu ya Pemba, unafika. Kasoro ni kwamba tiketi zote nilizozipata zilimleta kwanza Nairobi. Manda hadi huku ni kama kilomita 450, kisha huku hadi Unguja kama 600. Mtu wa pwani anapandishwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari ili ateremshwe tena baharini, na njia imezidi maradufu.

Na hapo sijataja boti. Uwanja uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo alianza kwa kuvuka kutoka gatini Amu, kapu la mikate ya mofa mkononi. Ndege ikatua Nairobi, uwanja wa Wilson, saa tisa alasiri. Ya Unguja ilikuwa kesho yake asubuhi, tena kutoka Jomo Kenyatta, uwanja mwingine wa jiji. Mama wa miaka sabini na tatu, magoti yanamuuma, akapanda teksi mara mbili na kukaguliwa mizigo mara mbili.

Ninachokiomba kwa wanaotoa hesabu hizi ni kitu kidogo: waandike wazi kwamba wamepima mstari ulionyooka, na waseme kama ipo ndege inayoufuata. Bila hivyo msafiri anapanga siku yake kwa safari ambayo haipo.

Kwa mashirika ya ndege ombi langu ni kubwa zaidi. Ndege ndogo za abiria kumi na wawili zinatua Manda na zinatua Unguja kila siku. Moja ingeweza kwenda moja kwa moja kwa saa 1 na nusu hivi, hata kama ni mara moja kwa wiki. Najua ni nchi mbili, lazima pawe na uhamiaji na forodha. Lakini ndugu wa Amu na Unguja walikuwa wakioana na kuzikana tangu enzi za majahazi, kaskazi ikivuma wanashuka, kusi ikivuma wanarudi, na hakuna aliyepitia bara.

Shangazi alifika siku ya pili, adhuhuri. Nikaha ilikuwa imeshafungwa tangu usiku.