Ushindi wa Lugalo haukuishia Lugalo

Ukitoka Iringa mjini kwenda Morogoro, kabla ya kufika Ilula unapita Lugalo. Upo pale mnara wa Wajerumani waliouawa tarehe 17 Agosti 1891. Sisi wa huku tumekua tukisikia habari za ushindi ule wa Wahehe, na tunajivunia kwa haki. Kinachonisumbua ni kwamba tukishaisimulia Lugalo tunaruka moja kwa moja hadi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kana kwamba katikati hapakutokea kitu.

Tuitazame asubuhi yenyewe. Kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, alikuwa na msafara mrefu wa askari na wapagazi kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe, mizinga imefungwa migongoni mwa punda. Wahehe walijificha karibu kabisa na njia. Walipochomoka, askari wengi waliwahi kufyatua risasi moja au mbili tu kabla mikuki haijawafikia. Zelewski mwenyewe aliuawa kwa mkuki. Dakika chache zilitosha kukisambaratisha kikosi, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300.

Kwa maoni yangu, vita vyote vilivyofuata viligeukia hapo. Ilipita miaka mitatu kabla Wajerumani hawajarudi na jeshi kubwa Uhehe, na Gavana von Schele hakuja kwa pupa kama Zelewski. Alijipanga, akaja na mizinga hadi Kalenga. Mkwawa naye akamsubiri ndani ya ukuta wa mawe wa ngome yake! Hapo ndipo ninapoliona kosa. Kilichoshinda Lugalo ni vichaka na kushtukiza. Ukuta haukimbii, na mwenye mizinga anapenda shabaha isiyohama. Bunduki zilizotekwa hazikuiokoa Kalenga. Ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Najua wapo wazee watakaoona namvunjia heshima Mtwa, yaani chifu wetu Mkwawa. Sivyo kabisa. Baada ya Kalenga alirudi porini, akawasumbua Wajerumani karibu miaka minne kwa mbinu zilezile za Lugalo, hata wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Hawakumkamata akiwa hai. Alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Muda wote huo kuna watu waliomficha na kumpelekea chakula huku wakijua adhabu inayowangoja. Hao ndio ningependa tuanze kuwasimulia.