Wasomaji Wanaosita Kumpa Mtoto Riwaya ya Sunny

Akata Witch, riwaya ya vijana ya Nnedi Okorafor iliyotoka Marekani mwaka 2011, ni kitabu ambacho wengi waliokisoma hukitaja kwa furaha. Mhusika wake mkuu ni Sunny Nwazue, msichana wa miaka 12, Muigbo aliyezaliwa New York na sasa anaishi na wazazi wake mjini Aba, Nigeria. Ana ualbino. Anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri ya wenye nguvu za uchawi, na pamoja na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, anatumwa kumkabili mtu anayeteka na kuua watoto. Kitabu cha pili kilifuata mwaka 2017 na cha tatu mwaka 2022. Cha pili ndicho kilichopata, mwaka 2018, tuzo ya kwanza kabisa ya vitabu vya vijana kutolewa sambamba na tuzo za Hugo, zile za hadithi za sayansi na maajabu.

Wasomaji wamekipokea kitabu hicho cha kwanza kwa namna tatu. Kundi la kwanza, nalo ndilo kubwa, limefurahi kumwona mtoto wa Kiafrika akiwa shujaa wa hadithi ya maajabu nyumbani kwao Afrika. Huko Marekani wakakiita Harry Potter wa Nigeria, sifa ya haraka isiyokitendea haki, kwa sababu uchawi wake umechimbwa kusini mashariki mwa Nigeria: maandishi ya kale ya nsibidi, vinyago, na Ekwensu, pepo wa masimulizi ya Waigbo. Kundi la pili linakikataa kwa sababu ya dini. Kwao uchawi ni uchawi, na mtoto hapewi. Msimamo huo unajulikana, sina la kuuongezea.

Kundi la tatu ndilo lililonifanya niandike. Ni wazazi, walimu na watu wenye ualbino wenyewe, hapa kwetu Tanzania, wanaokisoma mpaka ukurasa wa mwisho, wanakubali kimeandikwa kwa ustadi, halafu wanasita kumpa mtoto. Wakieleza hofu yao hujibiwa kwamba hawajui kutofautisha hadithi na maisha, au wanatupwa moja kwa moja kwenye kundi la pili. Nadhani hawajasikilizwa.

Umoja wa Mataifa hunukuu makadirio kwamba Ulaya na Amerika Kaskazini mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000 huzaliwa na ualbino. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa ni mmoja kati ya 1,400. Tuitafakari kidogo namba hiyo. Shule ya msingi ya serikali mjini Mwanza au Shinyanga inaweza kuwa na wanafunzi 1,400, hata zaidi. Maana yake mtoto mwenye ualbino si mtu wa kusimuliwa. Yuko dawati la mbele kwa sababu macho hayafiki ubaoni, au yuko dawati la nyuma kwa sababu hakuna aliyefikiria kumsogeza. Msomaji wa Ohio anaweza kumaliza shule yote bila kukaa darasa moja na mtu mwenye ualbino. Kwake Sunny ni wa ajabu kama Watu wa Chui walivyo wa ajabu, na vyote viwili vinakaa vizuri ndani ya kitabu. Msomaji wa Shinyanga anamfahamu Sunny kwa jina lingine, anajua anakaa nyumba ipi na mama yake anauza nini sokoni. Kwa hiyo watu hawa wawili wanaposoma ukurasa uleule, yanayowajia akilini hayafanani. Anayemwambia wa Shinyanga kwamba "ni hadithi tu" amesahau kwamba kwa huyu msomaji nusu ya hadithi inapita nje ya dirisha lake.

Hata hivyo utetezi wa kitabu ni mzito, na lazima usemwe kwa ukamilifu. Kwanza, Sunny hawindwi. Yeye na wenzake ndio wanaomwinda muuaji. Katika bara ambalo habari za watu wenye ualbino hufika magazetini pale tu wanapokatwa viungo, kumpa binti kama huyu kisu chake, marafiki na ushindi ni jambo la maana. Pili, mwandishi anajua vizuri anachokigusa. Muuaji wake anaitwa Black Hat Otokoto, na hakuna Mnigeria mtu mzima asiyeshtuka kwa jina hilo: mwaka 1996, mjini Owerri, mtoto wa miaka 11 aliuawa kishirikina katika hoteli iliyoitwa Otokoto, na wananchi wakafanya ghasia kubwa mjini. Okorafor amelitwaa jina hilo akalibandika kwa mtu anayetafuta nguvu kwa damu ya watoto. Tatu, katika ulimwengu wa Watu wa Chui utajiri hautokani na damu. Unatokana na kujifunza. Mtu akielewa jambo jipya, sarafu ziitwazo chittim zinamdondokea kutoka hewani, na zenye thamani kuliko zote ni za shaba, si za dhahabu. Jengo linaloheshimiwa kupita yote ni maktaba. Mganga anayemtuma mteja wake akalete mkono wa mtoto hana pa kusimama katika ulimwengu huo, isipokuwa upande wa adui.

Kwa hiyo anayesema kitabu hiki kinatukuza mauaji ya kishirikina hajakisoma. Wanaosita hawasemi hivyo. Wanasema jambo lingine, na ni gumu zaidi kulijibu.

Katika riwaya hii kila mtoto ana kipawa kinachotoka palepale dunia inapoona kasoro. Orlu anapata shida ya kusoma, na kipawa chake ni kuyatengua mambo, hata uchawi wa wengine. Kwa Sunny, kipawa kinatokana na ualbino. Anaweza kutoonekana, akateleza kutoka ulimwengu huu kuingia ule wa mizimu, kwa kuwa tangu kuzaliwa yeye ni wa pande zote mbili. Kwa msomaji wa mbali hilo ni wazo zuri linalomwinua mtoto aliyedharauliwa. Kwa mzazi wa Kanda ya Ziwa ni maneno aliyokwisha kuyasikia, na aliyeyasema alikuwa na nia mbaya.

Imani inayoua watu wenye ualbino haisemi kwamba ni watu duni. Ingekuwa hivyo wangebaguliwa tu, na kubaguliwa wamebaguliwa sana. Imani hiyo inasema wana kitu. Viungo vyao vina bahati ndani yake, vinavuta dhahabu mgodini na samaki ziwani, vinapandisha mtu cheo wakati wa uchaguzi. Na kuna usemi wa zamani, ambao mtu wa umri wangu ameusikia utotoni, kwamba mtu mwenye ualbino hafi, hutoweka. Mteja wa mganga hamchukii mtoto anayemtafuta. Anaamini ni wa pekee, na kwa upekee huo yuko tayari kulipa fedha nyingi. Ndiyo sababu mwaka 2024, miaka 9 baada ya serikali kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake Muleba, mkoani Kagera, mwezi Mei, na mwili wake ukapatikana mwezi Juni bila baadhi ya viungo.

Sasa mpe mzazi wa huko riwaya yenye binti anayetoweka kwa sababu ana ualbino, kisha umwambie afurahi kwa kuwa binti huyo ni wa pekee. Atasita. Wala kusita huko hakutokani na kukosa elimu.

Jibu la kawaida ni kwamba muuaji hasomi riwaya. Ni kweli, na wanaosita wanalijua hilo. Mauaji yalikuwa yameshaanza kuripotiwa kwa wingi kabla riwaya hii haijatoka, na hakuna mwandishi wa kulaumiwa kwa panga lililonolewa na mtu mwingine. Wanachokihofia ni kile atakachokibeba mtoto wa darasa la sita aliyekaa jirani na mwenzake mwenye ualbino. Huyo si muuaji. Ni mtoto anayetania, anayeuliza maswali, anayepeleka habari nyumbani kwa bibi na babu. Miaka mingi ya kampeni imetumika kumfundisha jambo moja: mwenzako hana kitu chochote mwilini ambacho wewe huna, ila amepungukiwa rangi. Somo hilo limewagharimu watu nguvu na machozi, na bado halijakomaa. Kitabu kizuri, kinachopendwa, kinachosomwa kwa hamu kuliko kipeperushi chochote, kinaweza kulilegeza bila kukusudia.

Halafu kuna jua.

Mwanzoni mwa kitabu Sunny hatoki mchana bila mwavuli wake mweusi. Anapenda mpira wa miguu kuliko kitu chochote, lakini anacheza usiku na kaka zake, jua likishazama. Baada ya kuingizwa rasmi katika Watu wa Chui, ngozi yake haiungui tena. Baadaye, kwenye tamasha kule Abuja, anaingia uwanjani mchana kweupe, msichana peke yake kati ya wavulana, na anawatesa. Ni sehemu iliyoandikwa kwa furaha ya kweli, na nikiri ilinipandisha moyo. Wasomaji wengi wanaitaja kama kipande wanachokipenda zaidi.

Nilimsimulia mama mmoja wa Misungwi kisa hicho chote, mwenye binti wa umri uleule na hali ileile. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Kwa hiyo dada, baada ya hapo havai kofia?"

Swali lake ndilo lililobaki nami kuliko uchambuzi wowote niliousoma kuhusu kitabu hiki. Madaktari wa ngozi hawachoki kulirudia: katika nchi zetu saratani ya ngozi inaondoa watu wenye ualbino wengi kuliko panga. Haipigi kelele, haifiki kwenye taarifa ya habari. Inaanza na ngozi inayochubuka utotoni, madoa, kidonda kwenye sikio au shingoni kisichopona, na mtu anafika hospitali akiwa kijana, kikiwa kimekwisha kuchimba. Kinga yake inajulikana, wala si ya ajabu: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kukaa kivulini, losheni ya kukinga jua. Moshi, kwa wataalamu wa ngozi wa hospitali ya KCMC, losheni hiyo hutengenezwa hapahapa nchini ikiitwa Kilisun, ikikusudiwa hasa watu wenye ualbino. Lakini losheni lazima ipakwe, na kofia lazima ivaliwe, kila siku, na mtoto ambaye wenzake wote wako kichwa wazi. Anavaa kofia mstarini na mwalimu mgeni anamfokea aivue kwa kuwa si sehemu ya sare. Anavaa mikono mirefu kwenye joto la saa saba. Anakaa chini ya mwembe wenzake wakicheza. Mzazi anapigana vita hivyo asubuhi hadi jioni, na silaha yake kubwa ni kumfanya mtoto aone kofia kuwa sehemu ya maisha yake, si adhabu.

Kisha riwaya inampa mtoto huyo ndoto ambayo ndani yake ushujaa na kuvua kofia ni kitu kimoja. Sidhani kwamba atavua kesho yake. Watoto wana akili, wanajua hawataona sarafu za shaba zikidondoka kutoka hewani. Ila shujaa aliyefanana naye amepona jua kabla ya kuwa shujaa kamili, na mtoto anayesoma hajapona wala hatapona. Mama wa Misungwi alikuwa anatafuta binti anayemkamata muuaji akiwa na kofia yake kichwani. Hilo halikuwa gumu kuandika, na najuta kwamba mwandishi mwenye uwezo huu wote hakuliandika.

Nje ya Afrika nako watu wenye ualbino wamelalamikia jambo la karibu na hili. Nchini Marekani chama chao, NOAH, kimepinga kwa miaka mingi filamu zinazomfanya mtu mwenye ualbino kuwa muuaji au mtu wa kuogofya. Sunny ni tofauti kabisa na hao, ni mtoto wa kupendeka. Hata hivyo bado anaonekana kitabuni kwa sababu ya rangi yake, na rangi yake bado inabidi iwe na maana fulani.

Kwa hiyo nikiulizwa, sitaki kitabu hiki kiondolewe popote. Kimeandikwa na mtu anayewapenda watoto wa Afrika, na wapo wasichana wenye ualbino waliokikumbatia. Furaha yao ni ushahidi kama ulivyo ushahidi wasiwasi wa wazazi. Lakini mchapishaji atakayetaka kukisambaza kwa wingi shuleni Afrika Mashariki angefanya vizuri kuweka mbele kurasa mbili tatu, zilizoandikwa na mtu mwenye ualbino wa hapahapa, zinazosema wazi kwamba ngozi haina uchawi wala bahati ndani yake, na kwamba kofia haivuliwi. Na mwalimu mwenye mtoto mmoja kama Sunny katika darasa la watoto 80 asianze kukisoma kwa sauti kabla hajazungumza na mtoto huyo pembeni, na mzazi wake. Mtoto ndiye aulizwe kama anataka kisomwe mbele ya wenzake. Akisema hapana, kikae kwenye rafu ya maktaba, na anayekitaka akiazime.