Iliki nyeusi si iliki iliyokomaa

Muuzaji akikwambia iliki nyeusi ni ile ya kijani iliyoachwa ikakomaa, usimsadiki. Hata jenasi zake, yaani makundi ya mimea ya ukoo wa karibu, ni mbili tofauti. Iliki ya chai na maandazi ni Elettaria cardamomum, asili yake milima ya kusini mwa India. Nyeusi ni Amomum subulatum ya Himalaya ya mashariki: tunda la sentimita 2 hadi 3, ganda nene lenye mistari, hukaushwa kwa moto wa kuni. Ndiyo maana hunukia moshi na kafuri. Kwenye mchuzi wa nyama itakubali. Kwenye maandazi utajuta.

Iliki nyeupe ina utata zaidi. Mara nyingi ni ile ile ya kijani iliyopaushwa kwa salfa, na harufu yake imepungua. Lakini ile ya mviringo itokayo Kambodia na Thailand ni Wurfbainia vera, ambayo vitabu vya zamani huiita Amomum krervanh. Jenasi ya Amomum ya Asia iligawanywa mwaka 2018, na wapishi wengi hawana habari. Wapo wanaolalamika kwamba wataalamu wa mimea hawatulii na majina. Mimi niko upande wa wataalamu: Linnaeus mwenyewe, mwasisi wa mfumo wa majina ya kisayansi, aliiweka iliki ya kijani kwenye Amomum mwaka 1753, mtaalamu wa mimea Maton akaitoa mwaka 1811, na hakukosea.

Na tangawizi je? Ni familia moja, Zingiberaceae, ila imo nusufamilia nyingine pamoja na manjano. Iliki iko karibu zaidi na jenasi ya Aframomum ya Afrika, kama vile korarima, kiungo cha Ethiopia, na matungulu ya Uganda, yale matunda mekundu ya chini yenye nyama chachu.

Shambani, fukua tunguu, lile shina la chini ya udongo, bila kuling'oa. Majani yamepangwa safu mbili. Zikifuata mwelekeo wa tunguu, hilo ni kundi la tangawizi, zikilikata kama msalaba, ni kundi la iliki. Tazama chipukizi chini kabisa, kwani juu majani hujipinda na kukudanganya.

Dukani, pasua tunda moja. Iliki ya kijani ina vyumba vitatu, na mbegu zake ziwe za kahawia iliyokolea au nyeusi. Zikiwa nyeupe, ilichumwa changa: hutapata harufu hata ukiongeza kipimo.