Korongo Asiye na Kitambulisho

Maktaba ya chuo chetu hapa Mwanza ina ubao wa kanuni mlangoni, na kanuni hizo zinafuatwa kikamilifu na watu wawili tu, yaani mama mkutubi na mimi. Simu izimwe. Chakula kisiingizwe. Mtu asipaaze sauti wala asikimbie. Begi na mizigo mingine viachwe kwenye rafu za barazani, chini ya uangalizi wa mlinzi, ambaye humpa mwenye mzigo kibati chenye namba. Kitabu kilichotolewa rafuni kiachwe mezani na msomaji asikirudishe mwenyewe, kwa kuwa kitabu kilichowekwa pasipo pake hakitofautiani na kilichopotea. Vile vitabu vya kaunta, ambavyo husomwa humo humo ndani kwa saa mbili, visiachwe mezani peke yake hata kidogo, bali virudishwe mkononi mwa mkutubi. Sina ugomvi na hata mojawapo ya kanuni hizo, na nilisema hivyo hivyo nilipohojiwa.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimetoka mwaloni Kirumba, yaani kwenye soko la samaki la ufukweni, kupokea mzigo wa mama mkubwa uliokuja na meli kutoka Nansio, Ukerewe. Ulikuwa dagaa wakavu pamoja na vipande vya sangara vilivyobanikwa kwa moshi, na vyote vilitakiwa kupanda basi la jioni pale stendi ya Nyegezi kwenda kwa dada yangu Dodoma. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, mzigo wa namna hiyo hufungwa kwenye mfuko mbadala, ule wa kitambaa chepesi, ambao una sifa zote njema isipokuwa kuzuia harufu. Kwa kuwa basi lilikuwa bado na mtihani wa kodi ulikuwa karibu, nikapitia maktaba.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia mlinzi nikimkabidhi mfuko.

“Marahaba. Humu kuna nini, kijana?”

“Mzigo wa mama mkubwa.”

Akanusa, akarudi nyuma hatua moja. “Mama mkubwa mwenyewe mzima lakini?”

Nilimhakikishia kwamba ni mzima, nikachukua kibati, nikaingia.

Kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa, ni lazima nieleze kuhusu makorongo wetu. Siwasemi wale wembamba wa kwenye kalenda. Nasema wale wenye upara, wenye mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, wanaofikia kimo cha mtoto wa shule na ambao wakikunjua mabawa hupita mita mbili. Miguu yao huonekana myeupe kwa sababu huinyea makusudi ili kujipoza na joto. Wanaishi kwa mizoga na mabaki, hivyo mwaloni ni jikoni kwao, na paa la maktaba yetu wameligeuza sebule.

Nilikuwa nimefika kwenye kodi ya zuio nilipotazama dirishani nikamwona mmoja akitua barazani. Hakuwa na haraka yoyote. Alitembea kwa mwendo wa bwana ardhi anayekagua kiwanja chenye mgogoro, akapita begi moja baada ya jingine, kisha akasimama mbele ya mfuko wangu na kuingiza kichwa chote ndani. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, maana saa hiyo alikuwa amekwenda kunywa chai.

Hapo ndipo kanuni ziliponizunguka. Kupiga kelele nisingeweza. Kukimbia nisingeweza. Kitabu kilikuwa cha kaunta, hivyo kukiacha mezani nisingeweza, na kutoka nacho ingekuwa wizi. Nikaenda kaunta kwa mwendo wa adabu nikakuta foleni, nikapanga foleni, huku dirishani nikiona kipande cha sangara kikipanda hewani, kikageuzwa upande wa kichwa, na kuteremka kooni taratibu.

Zamu yangu ilipofika niliinama nikanong'ona, “Mama, korongo anakula dagaa wa mama mkubwa.”

Mama mkutubi akanionyesha kwa kidole bango la KIMYA, kisha akanisogezea karatasi na kalamu. Nikaandika sentensi ile ile. Akavaa miwani, akaisoma, akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri mno: “Chakula hakiruhusiwi maktaba.” Nikajibu: “Mimi sili. Anayekula ni korongo.” Alikuwa ameshika kalamu kujibu hoja hiyo wakati mlinzi aliporudi.

Mzee wetu ana moyo wa kazi, lakini alishambulia kutoka upande mbaya. Alipanda ngazi za baraza na ufagio juu, hivyo akaziba njia pekee ya kutokea nje, na yule ndege, mpini wa mfuko ukiwa umemnasa shingoni, akachagua mlango uliokuwa wazi. Hakupita kaunta. Aliingia na mzigo.

Alipokunjua mabawa katikati ya rafu, dagaa walimwagika kuanzia meza ya magazeti hadi kwenye mashine ya kudurufu. Wasichana walipanda juu ya meza, wavulana wakawatangulia. Kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo, unaotumika tangu 1876, ndege hukaa namba 598. Huyu alikwenda kusimama kwenye 340, yaani sheria, akabaki hapo akihema.

“Toka! Toka nje, mshenzi wewe!” Ilikuwa sauti ya mama mkutubi, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akamgusa begani kwa heshima na kunong'ona, “Mama, kanuni.”

Mlinzi alifungua mlango wa pembeni, na korongo akatoka kwa miguu bila kuharakishwa na mtu, akiacha mfuko lakini si sangara. Tuliokota dagaa kwa faili tupu, na sitaficha kwamba wachache walikwenda Dodoma wakiwa na vumbi la sheria ya mikataba.

Ikabaki fomu ya taarifa ya tukio, ambayo lazima ijazwe kila kanuni inapovunjwa. Mama mkutubi alipenda niandikwe mimi kama mwingizaji wa chakula. Nikaweka kibati mezani, ushahidi kwamba mzigo wangu niliuacha nje kama ubao unavyoagiza, na mlinzi, ambaye hakutaka suala la chai lifikiwe, akaniunga mkono kwa nguvu zote. Mama akafikiri kwa muda mrefu. Kisha, kwa mwandiko ule ule mzuri, akajaza penye jina la mtumiaji: “Korongo.” Kozi: “Hana.” Namba ya kitambulisho: “Hakuonyesha.” Na kwenye maelezo ya ziada akaandika kwamba huyo ni mtumiaji wa nje, na kwamba bado anadaiwa ada ya siku.