Kila Mtu na Batman Wake

Ijumaa moja nilikwenda kwa kinyozi wangu nikiwa na ombi dogo: anipunguze tu, kesho yake nilikuwa napelekwa ukweni kujitambulisha.

Kwenye runinga ya saluni alikuwepo Batman, yule shujaa wa vitabu vya katuni anayevaa kama popo. Nami bila kuulizwa nikasema, "Huyu ndiye stelingi ninayemheshimu. Atakuvunja miguu, lakini haui."

Mashine ikanyamaza juu ya sikio langu.

"Nani haui?"

Kumbe nilikuwa nimemtukania ukoo. Akaanzia mbali: hadithi ya kwanza kabisa, Mei 1939, Batman alimtandika jambazi ngumi, jamaa akatumbukia kwenye tangi la tindikali, na stelingi hakusikitika hata kidogo. Mwaka 1940 akawamiminia watu rashasha kutoka kwenye ndege. Nikamjibu kwamba wahariri walikuja kukataza hayo, na Batman niliyekua naye mimi hagusi bastola, maana wazazi wake waliuawa kwa bastola.

"Huyo wako amefugwa," akasema.

Mzee aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kunyolewa ndevu akadakia: "Mwacheni aue. Mradi mwisho asife yeye."

Ili nielewe vizuri, kinyozi akachomoa kile kitana cha plastiki mdomoni mwa mashine, akakiinua juu. Hicho ndicho jambazi. Akakiachia kwenye kikombe cha spiriti. Chubwi! Akatabasamu kwa kuridhika, akarudi kichwani kwangu na mashine ikiwa uchi.

Nilisikia baridi kabla sijaelewa. Kwenye kioo, kuanzia kwenye paji hadi utosini, barabara ilikuwa imeshapita, imebaki kuwekwa taa tu.

Nilitaka kuwaka, ila mashine ilikuwa imefika shingoni. Nikalainika. "Ndugu yangu, kila mtu na Batman wake. Wako anaua, wangu haui, wote wanaume. Malizia kichwa."

Kesho yake nikaingia ukweni na kipara kinachong'aa kama sufuria ya harusi. Nikaamkia shikamoo. Baba mkwe akanitazama kichwa, akamtazama mshenga, sauti ikashuka.

"Poleni sana, mwanangu. Mmefiwa?"

Mshenga akameza mate. Nikamuwahi. "Ndiyo, baba."

"Innalillahi! Nani?"

"Jamaa mmoja... alitumbukia kwenye tindikali."

Ndani wakina mama wakaguna. Mzee akashika kifua. "Lini hiyo?"

"Siku nyingi, baba. Siku nyingi sana."