Nilipeleka Paka Lamu

Kondakta alitazama kikapu, akanitazama mimi, akakitazama kikapu tena.

"Mzee, unapeleka paka Lamu?"

Nikamwambia ndiyo. Akageuka akawatangazia abiria: "Jamani, huyu anapeleka paka Lamu!" Basi zima likaangua kicheko, hata mama mmoja aliyekuwa amelala akaamka acheke kisha akalala tena. Ilikuwa alfajiri pale Mwembe Tayari, Mombasa, tumboni nina chai kavu tu, na kilichowachekesha sikukijua. Lamu sikuwa nimewahi kufika. Ningekuwa nimefika, ningejua kwamba huo mji una paka kila ngazi, kila baraza, kila kivuli, na kwamba kupeleka mwingine ni sawa na kumpelekea muuza madafu zawadi ya dafu.

Lakini ningemwacha na nani? Jirani anayenilishia alikuwa na msiba Kwale. Na Bizari si paka wa kuachwa. Ana rangi ya manjano kama jina lake, na ncha ya mkia ni ya buluu, kwa sababu mwezi uliotangulia aliutumbukiza kwenye kopo la rangi nilipokuwa naandika ubavu wa matatu. Nilijaribu kuusafisha kwa mafuta ya kupikia, akanikwaruza, tukakubaliana ubaki hivyo.

Kazi yangu ndiyo hiyo: mabango, kuta za vinyozi, matatu. Mimi ni mtu wa Taita, mtoto wa milimani, na marehemu mama alinielewa. Baba yu hai na bado ananiuliza. Swali lake ni moja tangu nilipoacha kozi ya uhasibu: "Hizo rangi zako zitakuvusha wapi?" Aliniuliza nilipomaliza bango langu la kwanza, aliniuliza siku ya harusi yangu mbele ya wakwe, na kila Krismasi huniuliza kabla hatujagusa nyama. Jibu sina. Kazi hii hainivushi popote. Ila ina mambo yake. Kuna ile harufu ya kopo likifunguliwa mara ya kwanza. Kuna herufi S, ambayo ndiyo inayomtofautisha fundi na mbabaishaji, ikikaa sawa kwa mkono mmoja bila kufuta. Kuna Jumamosi asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi, na Bizari amelala juu ya mguu wangu wa kushoto hata siwezi kuinuka kuongeza chai. Hayo nikimweleza baba huniambia, "Sawa, lakini kodi?"

Aliyekuwa akinielewa ni rafiki yangu, fundi wa nakshi kutoka Lamu. Tulikaa ploti moja miaka minne, yeye akichonga milango ya watu, mimi nikiandika majina ya maduka yao. Ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: hushukuru. Anashukuru mpaka unataka kumpiga. Baiskeli yangu ilipoibwa aliniambia, "Shukuru, yakhe, umeipanda miaka minne bila kuibwa." Paa lilipovuja juu ya kitanda chake, akasogeza kitanda, akaweka sufuria, akasema, "Alhamdulillahi, mvua imefika." Aliporudi kwao ploti ilitulia, nami nikagundua kwamba sikuupenda ule utulivu.

Alinialika miaka mitatu mfululizo. Mwishowe akanishika pabaya, akaniletea kazi. Alinitumia kwenye simu picha ya punda wake, anayeitwa Meja, akataka nimchore mkubwa aning'inizwe mlangoni mwa karakana. Kule vichochoro ni vyembamba, punda ndiye lori, na huyu Meja ndiye aliyebeba kila ubao ambao rafiki yangu amewahi kuuchonga. Nikamchora kwenye plaiwudi ya futi nne kwa tatu, nikaizungushia fremu, nikaipiga rangi ya mafuta mikono mitatu mbele na nyuma, maana alinionya kwamba hewa ya Lamu ina chumvi hata ndani ya kabati. Macho ya Meja yalinichukua siku mbili. Yalitoka vizuri sana, ya huzuni kama ya mtu anayedaiwa.

Safari ni zaidi ya kilomita 300. Ubao ulifungwa juu ya keria, Bizari nikampakata. Tukapita Kilifi, korosho zikauzwa dirishani, Malindi, Garsen na daraja la mto Tana, kisha Witu. Vizuizi vya polisi ni vingi njia ile, kila mara mnashuka na vitambulisho mkononi. Askari mmoja alifunua kikapu, akaangaliana na Bizari kwa muda, akauliza, "Na huyu ni wa wapi?" Kondakta akadakia, "Afande, anapelekwa Lamu!" Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono. Nilikuwa nimeanza kuichukia hiyo sentensi.

Mokowe barabara inakwisha, mnapanda boti. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kuogelea. Kwetu maji mengi tunayajua kwenye sufuria. Nikakaa katikati, ubao kati ya magoti, kikapu juu yake, nikakaza macho kwenye mgongo wa aliye mbele yangu hadi mji ulipotokea, mweupe, umejipanga kando ya maji, na wazee kwenye mabaraza ya pwani wakitazama boti zikiingia kama watu wengine wanavyotazama mpira.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti haikufika kwenye ngazi sawasawa, ilibaki na mwanya wa kama hatua moja. Wenzangu wakaruka mmoja mmoja na mizigo yao, kina mama na mabuibui yao, wepesi kama hawana mifupa. Nikabaki mimi. Nahodha alikuwa ameshasimama kwenye ngazi, kamba mkono mmoja, mwingine kaninyoshea.

"Ndoo!" akaniambia.

Nikatazama nyuma. Kweli palikuwa na ndoo, ya manjano, tezini. Nikajiuliza ataifanyia nini, lakini mgeni haulizi maswali chomboni mwa watu. Nikaweka kikapu chini, nikabana ubao kwapani, nikarudi kinyumenyume kuifuata.

"Ndoo, yakhe! Ndoo!"

"Naileta!"

"Ndoo hapa!"

"Naileta, nimesema!"

Sikujua kwamba kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, *ndoo* ni njoo. Rafiki yangu miaka minne ya ploti alikuwa akiniambia "njoo" kwa sababu, alinieleza baadaye, aliona ni adabu kuzungumza na mtu wa bara kwa lugha ya vitabuni. Nahodha yeye hakuwa na adabu hiyo. Alikuwa na boti inayoteleza.

Nikafika ukingoni, ubao kwapani, nikamnyoshea ndoo. Yeye alikuwa ameunyosha mkono kuushika wangu. Akashika kilichokuwepo. Akavuta kwa nguvu za mtu anayemvuta mtu mzima, nami nikang'ang'ania mkono wa ndoo kwa nguvu za mtu anayevutwa. Mkono wa ndoo ukang'oka.

Chubwi.

Nilipoibuka nilikuwa nimeukumbatia ubao kifudifudi, uso kwa uso na Meja. Plaiwudi ya mikono mitatu haizami, hilo nalishuhudia. Nikaanza kupiga maji kwa miguu, nasali Baba Yetu kwa Kitaita na kwa Kiswahili kwa zamu, na katikati ya "utupe leo" ikanijia sauti ya baba yangu waziwazi, zitakuvusha wapi, zitakuvusha wapi, na macho ya yule punda yananitazama kwa huruma niliyoichora mwenyewe. Pwani yote ilinyamaza. Kisha mtoto mmoja, hazidi miaka saba, akaniambia kwa upole:

"Ami, simama."

"Siwezi! Kina kirefu!"

"Simama tu, ami."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Kicheko cha kondakta kilikuwa mazoezi. Hiki kilianzia kwenye baraza la kwanza kikapokewa na la pili, kikaenda hivyo kama salamu hadi nisikokuona. Mtoto akamgeukia mwenzake akasema, "Watu wote wateka." Mimi, mtu niliyetoka kupekuliwa vizuizi chungu nzima, niliposikia habari ya kuteka nikainua mikono juu. Mikono ilikuwa bado na ubao. Kwa hiyo kilichoonekana ni mtu mzima amesimama baharini, amejisalimisha, na picha ya punda juu ya kichwa. Kuteka ni kucheka. Hilo nalo niliambiwa baadaye. Kwa wakati ule niliona tu kwamba watekaji wangu wanafuta machozi.

Rafiki yangu alikuja mbio, kanzu ameikunja mkononi, akashuka ngazi akaniingilia majini na viatu vyake. Akanikumbatia mimi na Meja kwa pamoja.

"Shukuru, yakhe," akasema. "Maji yamekupwa. Ungefika saa sita baadaye ungekwenda chini."

Nilitaka kumpiga na ubao.

"Bizari yuko wapi?" nikauliza.

Kikapu kilikuwa botini, kifuniko wazi. Nahodha akasema paka alimpitia begani nilipoanguka, akatua ngazini mkavu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Akaonyesha kichochoro. Kichochoroni palikuwa na paka tisa.

Kosa langu la pili siku ile lilikuwa kutangaza zawadi. Nilisema shilingi hamsini kwa atakayeniletea paka wa manjano. Kabla ya isha ukumbi wa kina rafiki yangu ulikuwa na paka kumi na mmoja, wa manjano, wa kijivu, na mmoja mweusi ambaye mletaji wake aliapa kwamba jua likichomoza huwa manjano. Bi mkubwa, mama yake rafiki yangu, alikuwa akitupakulia wali wa nazi huku akiwapitia paka juu kwa juu. "Mwanangu," akaniambia, "ungeniambia wataka paka ningekuchagulia." Nikafafanua kwamba wangu ana alama, mkia una ncha ya buluu. Watoto wakatazamana, wakatoka mbio.

Asubuhi waliniletea watatu wenye mikia ya buluu. Wa tatu alikuwa bado anachuruzika. Nilinusa: nili ya kufulia. Nikawalipa wote. Kazi ya brashi ilikuwa safi, na mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo, kwa kupaka nisichotumwa.

Bizari tulimkuta penye soko la samaki, amekaa katikati ya wavuvi wanaoparua changu, tumbo limemtangulia. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu aligeuza uso makusudi, kama mtu aliyekutana na jamaa wa kijijini mbele ya marafiki wapya. Mvuvi mmoja akauliza kama namjua. Nikasema tunaishi pamoja. Akamtazama Bizari ahakikishe.

Na picha? Ilikauka jua moja, rangi haikuchubuka hata kidogo. Tuliiegemeza mlangoni mwa karakana, rafiki yangu akamleta Meja aione. Meja akasogea, akanyoosha shingo, akaitazama sura yake kwa muda. Kisha akaanza kuilamba. Akaanzia masikio, akashuka puani, taratibu, amefumba macho.

Rafiki yangu akashika moyo. "Amejitambua!"

"Analamba chumvi," nikamwambia. Ilikuwa imeganda ubao mzima baada ya bahari kukauka.

"Basi shukuru," akasema. "Wachoraji wangapi wamewahi kulambiwa kazi yao?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa pale barazani mpaka magharibi, tunakunywa maji ya ukwaju, tunamtazama punda akijilamba, na nakiri kwamba sijawahi kuwa na maonyesho yaliyohudhuriwa vizuri namna ile.

Usiku nikampigia baba. Nikamwambia lile swali nimepata jibu, zimenivusha, kutoka botini hadi kwenye ngazi. Akanyamaza akipima. "Hatua ngapi?" Nikasema kama nne. "Za bahari au za nchi kavu?" Za bahari. "Mm," akasema, na hiyo "mm" ndiyo sifa ndefu zaidi niliyowahi kupata kutoka kwake.

Wiki ikaisha. Siku ya kurudi, rafiki yangu alinisindikiza hadi ngazini, Bizari kikapuni mzito kama mtoto wa mwaka, bi mkubwa kanifungia samaki wa kupaka ambao harufu yake ilimfanya Bizari aimbe njia nzima. Boti ilikuwa ileile na nahodha yuleyule, na ndoo ileile ya manjano, sasa imefungwa kamba badala ya mkono. Tuliheshimiana kwa mbali.

Katikati ya mkondo upepo ukazidi, mawimbi yakaanza kutuingia. Nahodha, mkono mmoja kwenye usukani, akanitazama mimi kati ya abiria wote.

"Ndoo!" akapaza sauti.

Safari hii nilikuwa tayari. Nikainuka mara moja, nikamkabidhi jirani kikapu, nikapita juu ya miguu ya watu na mizigo yao, nikaomba radhi kushoto na kulia, nikamfikia. Nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Nimekuja," nikamwambia.

Nahodha akatazama maji yaliyokuwa yametufika vifundoni, akanitazama mimi.

"Ndoo," akasema taratibu, akiionyesha kwa kidevu. "Ya kufulia maji."