Hazina Ikisema Haina Pesa za Uchaguzi

Serikali yoyote ikisema imeahirisha uchaguzi wa madiwani kwa sababu ya ukata, mimi sihangaiki kuuliza Hazina ina kiasi gani. Nauliza chama kilichoko madarakani kingeambulia viti vingapi. Tabia hii nimeipata kwa kufuatilia siasa za Sri Lanka, nchi ambayo uchaguzi uliopangwa kufanyika Machi 9, 2023 ulikuja kufanyika Mei 6, 2025.

Halmashauri za kule hazina makuu. Zinazoa taka, zinawasha taa za barabarani, zinasimamia magulio, maktaba, makaburi na barabara za vijijini. Lakini wanasiasa wa Colombo wanaziogopa, na wana sababu. Februari 2018, chama kipya cha Mahinda Rajapaksa, Rais wa zamani, chenye alama ya ua ambalo halijachanua, kilizoa takriban asilimia 40 ya kura za madiwani nchi nzima. Kwenye makaratasi hakuna kilichobadilika: Rais alikuwa Maithripala Sirisena, Waziri Mkuu Ranil Wickremesinghe. Ila kila mtu aliona upepo umegeuka. Oktoba mwaka huohuo Sirisena akamfukuza Wickremesinghe na kumweka Rajapaksa, mpaka Mahakama ya Juu ikaingilia kati. Mwaka uliofuata Gotabaya, mdogo wake Mahinda, akaingia Ikulu. Yote hayo yalianza na kura za wazoa taka.

Kwa hiyo Wickremesinghe alijua uchaguzi wa halmashauri unaweza kumfanyia mtu nini. Yalishamkuta.

Na mwaka 2023 ndiye aliyekuwa Rais. Aprili 2022 nchi ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni ya nje. Watu wakalala kwenye foleni za petroli na gesi ya kupikia. Julai waandamanaji wakaingia Ikulu, Gotabaya akakimbia nchi. Wabunge ndio waliomchagua Wickremesinghe kushika nafasi hiyo, kwa kura 134. Chama chake kilikuwa na mbunge mmoja tu katika Bunge zima, na mbunge huyo ni yeye mwenyewe, tena kwa kiti cha orodha ya taifa, ambacho chama hujaza chenyewe bila mtu kupigiwa kura jimboni. Hakuwa na kura ya mwananchi hata moja ya kumwita Rais, na mbele yake kulikuwa na uchaguzi ambao ungewapa wananchi nafasi ya kwanza ya kusema neno tangu nchi ifilisike.

Hapo ndipo pesa zikakosekana. Bajeti ilishapitishwa, fedha za uchaguzi zikiwemo. Tume ya Uchaguzi ilishatangaza tarehe. Wagombea zaidi ya 80,000 walisharudisha fomu. Lakini Hazina ikasema hela zilizopo ni za mambo ya lazima tu. Mchapaji wa Serikali naye akasema hatoi karatasi za kura bila kulipwa kwanza. Mkono mtupu haulambwi, hata na ofisi ya umma! Kura za posta zikasogezwa mbele. Kisha uchaguzi wenyewe ukapelekwa Aprili, na Aprili ikapita hivihivi. Rais akaliambia Bunge kwamba hakuna cha kuahirisha, maana uchaguzi huo haukuwa umeitishwa kisheria.

Nisiwe mkatili. Nchi ilikuwa imefilisika kweli, dawa hospitalini zilikuwa shida, na kuna watu wema waliosema kwa nia safi kwamba madiwani wanaweza kusubiri. Hoja hiyo ningeielewa kama ingekuja na tarehe: tunaahirisha miezi sita, tutafanya siku fulani. Haikuja na tarehe yoyote. Na Februari 4 ya mwaka huohuo serikali iliadhimisha miaka 75 ya uhuru kwa gwaride. Muda wa halmashauri ulikwisha Machi 19, kazi zikabaki mikononi mwa makamishna na makatibu. Kesho yake, Machi 20, Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa takriban dola bilioni 3. Uchaguzi ukaendelea kukosa hela.

Kinachoniuma zaidi ni wale wagombea. Wengi walikuwa watu wa kawaida, na miongoni mwao wanawake wengi, kwa sababu sheria ilishatenga asilimia 25 ya nafasi za udiwani kwa ajili yao, baada ya miaka mingi ya mabaraza yaliyokaribia kuwa ya wanaume watupu. Watumishi wa umma waliogombea walitakiwa kuchukua likizo bila malipo. Wakabaki katikati, udiwani hawajaupata na kazini kurudi ni mgogoro. Mwanzoni mwa 2025 fomu zote zile zikafutwa kwa sheria mpya na mchakato ukaanza upya.

Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kutofanyika kwa uchaguzi huo kulivunja haki za msingi za raia, na Wickremesinghe, aliyekuwa pia Waziri wa Fedha, alitajwa miongoni mwa waliohusika. Hukumu nzuri, imechelewa mwaka na nusu. Mwezi mmoja baadaye wananchi wakatoa ya kwao: katika uchaguzi wa Rais wa Septemba 21 alishika nafasi ya tatu kwa asilimia 17. Alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa mtungi wa gesi. Sijui nani alimshauri, katika nchi ambayo watu bado wanakumbuka kulala foleni na mtungi mtupu.

Mshindi alikuwa Anura Kumara Dissanayake, ambaye miaka mitano kabla alipata asilimia 3. Novemba muungano wake wa NPP ukachukua viti 159 kati ya 225 vya Bunge. Ni serikali hiyo iliyofanya uchaguzi wa madiwani Mei 2025, na ninaipa haki yake kwa hilo, kwa sababu haukuwa na faida kubwa kwake. Kura zake zilishuka kutoka zaidi ya milioni 6.8 hadi milioni 4.5 ndani ya miezi sita. Katika Baraza la Jiji la Colombo ilipata viti 48 kati ya 117, ikalazimika kutafuta watu wa kuiunga mkono. Meya wake akapita kwa kura ya siri, 61 kwa 54, wapinzani wakinung'unikia usiri huo.

Lakini sifa zangu zinaishia kwenye mabaraza ya mikoa. Mikoa tisa ya Sri Lanka ilipewa mabaraza ya kuchaguliwa mwaka 1987, kama sehemu ya makubaliano na India ya kutafuta suluhu ya mgogoro wa Watamil, jamii ya wachache iliyo wengi kaskazini. Uchaguzi wa mwisho wa baraza lolote la mkoa ulifanyika 2014. Mkoa wa Kaskazini, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe viliumiza zaidi, umewahi kuchagua baraza lake lenyewe mara moja tu, Septemba 2013. Leo mikoa yote inaongozwa na magavana wanaoteuliwa na Rais.

Safari hii kisingizio si pesa. Ni sheria. Mwaka 2017 Bunge lilibadili mfumo wa kupiga kura mikoani, kisha 2018 likaikataa ripoti ya mipaka ya majimbo, na tangu hapo mfumo wa zamani umefutwa na mpya hautekelezeki. Serikali tatu zimepita zikisikitikia tatizo hilo kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Dissanayake anatoka JVP, chama kikuu ndani ya NPP, kilichoyapinga mabaraza haya tangu siku ya kwanza, na katika uchaguzi wa Mei 2025 vyama vya Watamil vilirudi kwa nguvu kaskazini, mahali ambapo NPP ilishangilia Novemba. Kurudisha mfumo wa zamani kunahitaji muswada mfupi na wingi wa kawaida wa wabunge. NPP ina theluthi mbili, na mpaka mwishoni mwa 2025 uchaguzi wa mikoa ulikuwa bado haujafanyika.